Rimu Ikigonga Ukingo: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Mvua ya alasiri ikishika Kakamega, maji hufunika kingo za barabara, na dereva anayetafuta pa kuegesha karibu na Muliro Gardens hajui ukingo ulipo mpaka asikie kishindo. Wengi huuliza bei kwanza. Afadhali uanze na rimu yenyewe: ni ya chuma au ya aloi?

Rimu ya chuma, kama zile za Probox nyingi zinazobeba abiria kwenda Mumias, haina makuu. Chuma hupinda kabla ya kupasuka. Fundi akiigonga ikanyooka na ikazunguka sawasawa kwenye mashine ya kubalansi, rudi barabarani.

Aloi, ile inayoitwa rimu ya spoti, ina mambo yake. Mkwaruzo ni suala la urembo tu: msasa, rangi, basi. Ikibonyea kidogo kwenye mdomo, hunyooshwa kwa presi. Balaa ni ufa. Nguvu ya aloi hutokana na namna ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na mwali wa kuchomelea huipunguza nguvu hiyo pembeni mwa kiungo. Tena chuma kikipata moto mwingi huwa chekundu, fundi akaona. Alumini huelekea kuyeyuka bila kugeuka rangi. Rimu iliyochomelewa ikishapakwa rangi utaiona nzima, nawe utateremka nayo kuelekea Kisumu, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo usikubaliane bei gari likiwa limesimama. Tairi itolewe kwenye rimu, upande wa ndani uoshwe na kukaguliwa, maana huko ndiko ufa unakoweza kujificha. Tazama pia ubavu wa tairi. Ukiona uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hiyo haizibiki kama pancha.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kunyoosha ni shilingi 1,500 na rimu ya mtumba kutoka Japani ni 6,000. Kubalansi na alaimenti utalipia kwa vyovyote, kwa hiyo usiziingize kwenye ulinganisho. Kwa rimu iliyobonyea, kunyoosha kunashinda waziwazi. Kwa iliyopasuka, hata ukichomelewa kwa 1,000 umetupa pesa, kwa sababu ile 6,000 bado inakungoja. Rimu hiyo mbovu wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Alumini ina soko.

Ukinunua, usitosheke na kuona matundu ya nati yanalingana. Toyota Premio na Subaru Impreza nyingi zina nati tano kwenye duara la milimita 100, lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1 na la Subaru ni 56.1. Rimu ya Subaru itaingia kwenye Premio, ila bila pete ya kujaza nafasi hiyo inaweza kukaa kombo na stelingi ikatetemeka. Rimu ya Toyota nayo haitaingia kabisa kwenye Subaru.

Sura isipofanana na zile rimu tatu zilizobaki kwenye gari, vumilia. La muhimu ni vipimo. Na kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aizungushe kwenye mashine ukitazama. Akikataa, nenda duka lingine.