Paa Linaloakisi Jua: Jinsi ya Kupunguza Joto katika Majengo ya Kale ya Biashara Mpanda

MPANDA, KATAVI – Mji wa Mpanda ulikua kwa kufuata reli. Njia ya treni kutoka Kaliua, yenye urefu wa takriban kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa katika eneo hilo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ulibaki, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi. Majengo ya biashara ya kipindi hicho cha mwanzo ni sehemu ya kumbukumbu ya mkoa. Bati la jengo la namna hiyo linapochakaa, mmiliki hukabiliwa na uamuzi mgumu: kuezeka upya bila kuligeuza duka kuwa tanuri, na bila kufuta sura ya jengo.

Kwa nini paa ndilo la kwanza

Mpanda ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi. Machi ni wakati wa mvua na mawingu, lakini Oktoba ni mwisho wa kiangazi na anga huwa wazi. Katika hali hiyo paa hupokea jua kali kuliko kuta. Joto hilo hushuka dukani, huharibu bidhaa, na hulazimisha majokofu na feni kutumia umeme mwingi zaidi.

Sifa mbili za kuangalia

Paa linalopunguza joto lina sifa mbili: huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na hutoa kwa haraka joto lile kidogo lililopenya. Rangi nyeupe maalumu ya mapaa, ikiwa mpya, huakisi takriban asilimia 70 hadi 80 ya nguvu ya jua. Paa la rangi iliyokoza huakisi sehemu ndogo tu, na katika mchana wa jua kali linaweza kufikia nyuzi joto 65 za Selsiasi au zaidi.

Wananchi wengi huamini kwamba bati jipya linalong'aa linatosha. Ni kweli kwamba huakisi mwanga, lakini bati lisilopakwa rangi hutoa joto kwa shida, hivyo huendelea kuwa la moto. Likishika kutu, hata uwezo wake wa kuakisi hupungua. Kwa sababu hiyo, bati lililopakwa rangi nyeupe au ya maziwa huwa na manufaa kuliko bati tupu.

Si lazima kung'oa

Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa kenchi, misumari na bati lenyewe. Iwapo mbao ni imara na kutu haijatoboa bati, paa la zamani linaweza kusafishwa, kupakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha kupakwa rangi nyeupe ya kuakisi. Njia hii hulinda umbo la asili na kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kuezeka upya. Kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Bati likiwa limeoza, mmiliki achague jipya lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye migongo inayofanana na ile ya awali.

Mapaa ya asbesto yanahitaji tahadhari ya pekee. Hayapaswi kukwanguliwa, kutobolewa wala kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu, ikiwemo saratani. Mmiliki apate kwanza maelekezo ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Kulinda sura ya jengo

Pale ambapo ukuta wa mbele wa duka umepanda na kuficha paa, rangi nyeupe haionekani kutoka barabarani, hivyo hifadhi na matumizi bora ya nishati havigongani. Pale ambapo paa linaonekana, mmiliki anaweza kuchagua kijivu hafifu, au rangi ya awali iliyotengenezwa mahususi kuakisi joto. Mwinuko wa paa, upana wa upenu na kofia ya juu vibaki kama vilivyokuwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua kama magofu ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mengine kuwa ya kuhifadhiwa. Maduka yaliyojengwa baada ya reli hayaingii moja kwa moja katika kundi hilo, hivyo usalama wake hutegemea zaidi busara ya wamiliki. Kabla ya kubadili paa, mmiliki afike katika ofisi za Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda kupata ushauri wa wataalamu na kibali kinachohitajika.

Matunzo

Vumbi la kiangazi hupunguza weupe wa paa wakati uleule joto linapopanda. Kulifagia kwa brashi laini mwezi Septemba hurejesha sehemu kubwa ya uwezo wake. Dari na matundu ya hewa chini ya paa huongeza nafuu hiyo.

Mwenye shaka anaweza kuanza kwa kupaka rangi juu ya chumba kimoja, kisha kupima joto saa nane mchana katika chumba hicho na katika chumba jirani kinachofanana nacho. Tofauti itakayoonekana itamsaidia kuamua kabla ya kugharimia jengo zima.