Kisangani: Mhusika aliyesahau alikotoka, kutoka mchezo wa dadu hadi dansi ya Linyekula

Mtu anaamka, hajui jina lake. Hajui nani alimjeruhi, wala nani anamdai. Watungaji wa michezo wanaupenda sana mwanzo huo. Kwa wakaaji wa Kisangani, jambo hilo liko karibu zaidi, na mtungaji wa dansi Faustin Linyekula amelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Katika michezo ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974, marafiki wanaketi kuzunguka meza. Kila mmoja anamtunga mhusika wake: jina, ukoo, kazi, maadui. Mwendesha mchezo anasimulia dunia wanamopita, na dadu zinaamua kama jambo walilojaribu limefaulu.

Wengine wanachagua mhusika asiyekumbuka chochote. Faida yake ni kwamba mchezaji halazimiki kujua historia ya nchi ile ya kubuni. Anaigundua hatua kwa hatua. Planescape: Torment, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1999, ulijengwa juu ya wazo hilo. Shujaa wake asiye na jina anaamka katika nyumba ya maiti, kisha anakutana na watu aliowatendea mabaya zamani, bila yeye kukumbuka.

Lakini kuna mtego. Mchezaji akichagua kusahau ili asijisumbue tu, mhusika wake anabaki mtupu: hana mama, hana rafiki, hana deni. Kusahau kunazaa hadithi pale tu ambapo kuna wengine wanaokumbuka.

Linyekula anafanya kazi kwa njia hiyo. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akaanzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha akazihamishia Kisangani. Katika Le Cargo, ya mwaka 2011, anasimama peke yake jukwaani na kusimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma za zamani.

Mwaka 2017 alionyesha Banataba katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kazi hiyo ilianza na sanamu ya Walengola, kabila la mama yake, iliyokuwa imehifadhiwa humo. Hakuishia kuitazama huko ng'ambo: alisafiri mpaka Banataba, kijiji cha ukoo wa mama yake. Anapokuta pengo, halijazi kwa kubuni. Anawaendea watu wenye vipande vilivyobaki.

Kisangani yenyewe ina mapengo mengi. Mpaka mwaka 1966 mji uliitwa Stanleyville. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Mwezi wa Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa hasara za vita vya 1998 mpaka 2003, Kisangani ikiwemo.

Kijana aliyezaliwa baada ya siku hizo sita leo ni mtu mzima. Anaishi na alama za jambo asilolikumbuka, sawa na yule shujaa wa nyumba ya maiti. Tofauti ni kwamba yeye hana mwendesha mchezo wa kumfunulia mambo kidogo kidogo. Ana jirani, mjomba, bibi.

Kwa hiyo, anayetaka kutunga mhusika aliyesahau, iwe kwa mchezo, filamu au jukwaa, ajiulize kwanza: nani anamjua mtu huyu? Ana deni gani? Mwili wake una kovu gani? Majibu ya kweli bado yako Makiso na Tshopo, kwa wale waliojificha chini ya vitanda mwezi ule wa Juni. Miaka inapita, na wao wanazeeka. Afadhali kuwauliza sasa.