Watoto wetu na gazeti la nyimbo

Mzazi akisikia kwamba mtoto ameambiwa shuleni atengeneze gazeti la muziki, huuliza upesi: Je, hayo nayo ni masomo? Kahawa imeuzwa, ada imelipwa, kumbe mtoto anakata picha za waimbaji na kuzibandika kwenye karatasi! Ana haki ya kuuliza. Lakini kazi hii ikifanywa vema ni ngumu kuliko insha, na hapa kwetu Muleba inaweza kuleta faida ambayo waliyoibuni hawakuifikiri.

Tuangalie kwanza jinsi wengine walivyoifanya. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 2008, wanafunzi wengi waliochukua somo la vyombo vya habari walipewa kazi hiyo katika mtihani wao. Kwa mazoezi walitengeneza jalada la gazeti la shule. Kisha wakatengeneza gazeti la muziki lenyewe: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili zinazotazamana zenye habari moja ndefu. Sharti lilikuwa kali: maneno yote na picha zote ziwe za mwanafunzi mwenyewe. Mwisho alipaswa kueleza gazeti lake ni la wasomaji gani, na amejifunza nini tangu jaribio la kwanza hata la mwisho.

Wala si jambo geni kwetu kwamba wanafunzi watengeneze gazeti. Mwaka 1888, katika chuo cha Wamisioni wa Kianglikana cha Kiungani, Unguja, lilianza gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wenye kuliandika walikuwa wanafunzi na walimu Waafrika. Waliandika habari za vituo vyao, na leo wachunguzi wa historia huzisoma habari hizo ili wajue watu wa siku zile waliishi namna gani. Vijana wale hawakujua kwamba wanatuandikia sisi.

Basi sharti lile la picha ndilo la kushikwa. Mtoto akiachiwa tu, ataweka kwenye jalada mwimbaji maarufu aliyemtoa kwenye simu. Simlaumu. Saida Karoli ni binti wa Bukoba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifanya watu wa nchi nzima wacheze wimbo wake Maria Salome, ingawa wengi hawakujua Kihaya hata neno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akautumia tena katika wimbo wake Salome, na watoto wetu wakaupokea kama mpya. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini picha zake zimekwisha kupigwa na wengine, na habari zake zimekwisha kuandikwa. Mtoto akilazimika kupiga picha yake mwenyewe, itambidi atoke nje amtafute mwimbaji aliye karibu. Naye yupo: labda ni babu wa jirani mwenye enanga yake nyuma ya mlango.

Enanga (si nanga ya meli) ni kibao kilichochimbwa kama kihori, na uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huku juu yake hata ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji huimba akisimulia habari ndefu za mashujaa na za watawala wa kale. Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza tenzi hizo, na mwaka 1986 akaandika juu yake tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliwaonyesha wataalamu waliosema kwamba Afrika haina tendi kwamba zipo, tena zimo katika vijiji vyetu. Wapigaji leo si wengi kama zamani. Mzee akifariki leo na wimbo wake haujaandikwa, gazeti la mwakani haliwezi kuupata tena.

Mtoto aandike nini basi? Namsifu hapa Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo. Sahani zake zilizidi 200, na kwa nyimbo zake alitunza kadi zenye jina la mwimbaji, kabila, mahali, na ala iliyotumika. Mtoto naye afanye vivyo hivyo, aongeze kijiji na tarehe. Maneno ya wimbo yawekwe kwa Kihaya kwanza, kisha maana yake kwa Kiswahili. Asiamini masikio yake tu. Kihaya huenda kwa sauti ya juu na ya chini, na neno lenye herufi zile zile laweza kuwa na maana nyingine kabisa. Mwenye wimbo aulizwe. Tena aombwe ruhusa kabla ya kuandikwa, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata mwimbaji wa kijijini.

Kazi ya kupanga kurasa

Karatasi moja ya kawaida ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Kwa hiyo gazeti dogo huwa la kurasa 4, 8 au 12; kurasa 7 hazipatikani bila kuacha mmoja mtupu. Tuseme ni 8, yaani karatasi mbili. Mtoto azikunje pamoja, aandike namba kwa penseli, kisha azifungue. Atashangaa kuona ukurasa wa 1 uko pamoja na wa 8, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6. Ni wa 4 na wa 5 tu, pale katikati, zinazofuatana juu ya karatasi moja. Hapo ndipo mahali pa habari kubwa, maana picha yaweza kuvuka mkunjo bila kukatika.

Mwimbaji asipigwe picha jua likiwa nyuma yake. Uso utakuwa mweusi, na mashine ya kutoa kopi itaufanya kama masizi. Akae barazani, mwanga umwangukie kutoka mbele, na mikono yake ionekane juu ya nyuzi.

Wengine watapenda kuweka wimbo wa kwaya ya parokia pamoja na sol-fa yake. Ni vizuri, ila herufi za kompyuta hazina upana mmoja, na nukta na mistari husogea hata mwimbaji asijue pigo liko wapi. Afadhali iandikwe kwa mkono, polepole, kwa kalamu nyeusi.

Kusahihisha

Wengi hudhani kusahihisha ni kutafuta herufi zilizokosewa tu. Hiyo ni kazi ya mwisho. Kwanza gazeti lisomwe kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani asiyejua kusoma, bibi kwa mfano. Akisinzia mahali, hapo pakatwe. Akiuliza, “Huyo ni mtoto wa nani?” basi habari ina pengo. Kisha lipelekwe kwa mwimbaji mwenyewe. Mtoto amwamkie kwa Kihaya kama ilivyo desturi yetu, akae, amsomee kila neno linalomhusu. Mzee atasema ukoo umekosewa, au wimbo ule ni wa arusi wala si wa matanga. Mtoto asinung'unike; arudi apange upya hata mara tatu.

Na vichwa vya habari vitazamwe. “Mzee apiga ala ya asili” hakisemi kitu. Wazee wa namna hiyo wako kila mahali. Kikitaja kijiji, wimbo, na mzee alijifunza kwa nani, msomaji atasimama. Kwenye jalada maneno yawe machache. Vijana hupenda kulijaza kama duka la mnadani, rangi sita na nyota kila pembe, hata uso wa mwimbaji ukapotea.

Likiisha kutolewa kopi, nakala ya kwanza ni ya mwimbaji. Nyingine ibaki shuleni, nyingine iwekwe parokiani pamoja na vitabu vya kwaya, zikiwa na mwezi na mwaka juu ya jalada.