Jiko jipya la gesi: Pima kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha

Wakazi wengi wanaonunua jiko la gesi kwa mara ya kwanza huanza na mtungi wa kilo 6, wenye kichomeo na grili ya kuweka sufuria. Kuliunganisha ni kazi ya dakika chache. Hatari iko kwenye kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami: ule mpira wa duara ulio ndani ya mdomo wa mtungi. Ukiwa umepasuka, umekauka au haupo, gesi itavuja hata kichomeo kikazwe vipi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea kwenye makuti, bali hushuka, ikatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya kitanda. Ndiyo maana dirisha la juu pekee halitoshi; mlango uwe wazi. Nyumba nyingi za Tezo hupika chai kwa gesi na maharagwe kwa kuni, na hilo si kosa. Lakini usibadilishe mtungi karibu na moto wa kuni au makaa unaowaka.

Weka mtungi wima mahali palipo sawa, ikiwezekana uani. Ondoa kifuniko, utazame mpira. Hakikisha kitufe cha kichomeo kimefungwa, kisha ukiingize kikiwa kimenyooka na ukizungushe kwa mkono mpaka kishike. Usitumie koleo, kwa sababu huuponda mpira uleule unaoutegemea.

Sasa koroga sabuni na maji kidogo, upake povu pale kichomeo kinapokutana na mtungi. Mapovu yakifura, gesi inavuja: usiwashe, mrudishie muuzaji. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti. Jambo hili lisingehitaji kuelezwa, lakini bado lina watu wake. Rudia kupima kila unapobadilisha mtungi, kwani mtungi mwingine una mpira mwingine. Wenye mtungi wa kilo 13 wapake povu pia ncha zote mbili za paipu, na paipu iliyoanza kupasuka ibadilishwe, isifungwe kwa utepe.

Uani kuna adui mwingine, upepo wa kusi. Huzima moto huku gesi ikiendelea kutoka, hivyo weka kizuizi upande wa upepo na usiache jiko peke yake. Ukizimika, funga gesi na usubiri kidogo kabla ya kuwasha tena.

Ukichoma samaki au mishkaki juu ya grili, mafuta hudondoka na kuziba matundu ya kichomeo. Moto mzuri ni wa buluu. Ukigeuka manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, jiko linadai kusafishwa. Likipoa, toa kichomeo, sugua kwa brashi, zibua matundu kwa sindano na ukikaushe kabisa. Jiko lililokaa muda mrefu likaguliwe utando wa buibui kwenye matundu ya hewa. Chumvi ya bahari nayo hula chuma, kwa hiyo usiuweke mtungi moja kwa moja kwenye udongo wenye unyevu, na ukatae mtungi ulioliwa na kutu.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka huko Embakasi, Nairobi, ikaua watu na kujeruhi mamia. EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo hicho. Mwombe muuzaji aupime mtungi mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa ubavuni, ongeza kilo 6.

Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiguse swichi ya taa, hata kuizima, wala usipige simu ukiwa humo. Funga gesi, fungua mlango, toa watoto nje. Ukiwa mbali na nyumba, ndipo upige 999 au 112.