KUBA LA MSIKITI LILITOKA WAPI?

Ufundi wa Waajemi wa kale na majengo ya pwani yetu

Mtu wa Meru au Embu afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza hakosi kuuona Msikiti wa Jamia, ulio katikati ya mji, wenye minara miwili na makuba matatu. Msikiti huo ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Wengi huutazama na kusema kwamba ni ufundi wa Waarabu. Jawabu hilo si kamili. Umbo la kuba lina historia ndefu, nayo yatufikisha nchi ya Ajemi, ambayo siku hizi huitwa Irani, katika zama za kabla ya Uislamu.

FUMBO LA MAFUNDI

Nyumba ya msonge ya wazee wetu haikuwa na taabu ya paa: ukuta ni wa mviringo, na paa la nyasi ni la mviringo vilevile, basi hukaa juu yake sawasawa. Lakini chumba cha pembe nne kitafunikwaje kwa kuba la mviringo? Pembe zote nne hubaki wazi, na kuba halina mahali pa kukalia. Waajemi iliwapasa kulifumbua fumbo hilo, kwa sababu katika sehemu nyingi za nchi yao miti mirefu ya kuezekea ni haba, wakajenga hata paa kwa mawe na matofali.

Njia yao ilikuwa hii. Juu ya kuta, katika kila pembe ya chumba, walijenga tao dogo la kuikatiza pembe hiyo. Hivyo pande nne zikawa nane, na umbo la pande nane hukaribia mviringo. Ndipo kuba likapata msingi. Ufundi huo waonekana katika magofu ya jumba la Mfalme Ardashir huko Firuzabad, lililojengwa katika karne ya 3. Kadhalika, huko Ctesiphon, karibu na Baghdad, lingaliko tao la matofali la jumba la wafalme wa Ajemi, lenye upana wa mita 25 hivi, na kimo chake chapita mita 30.

WAISLAMU WALIUPOKEA UFUNDI

Majeshi ya Waislamu yaliuteka Ctesiphon mwaka 637, lakini ufundi wa wenyeji haukutupwa. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur alipoanza kuujenga Baghdad, aliufanya mji wa mviringo, kama ulivyokuwa mji wa Ardashir. Msikiti wa Ijumaa wa Isfahan ulipata kuba kubwa katika karne ya 11, na baadaye kila upande wa ua wake ukajengwa ukumbi wenye tao refu, kwa mfano wa majumba ya kale. Kutoka Ajemi ufundi ulifika Bara Hindi, ambako Taj Mahal ilianza kujengwa mwaka 1632. Msikiti wa Jamia wa Nairobi wafuata mtindo huo wa Bara Hindi.

NA PWANI YETU JE?

Huko Kizimkazi, Unguja, upo msikiti wenye maandishi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107, na mchoro wa herufi zake wafanana na ule wa Siraf, bandari ya Ajemi. Msikiti Mkuu wa Kilwa una makuba. Tena watu wengi wa pwani hujiita Washirazi, kwa jina la mji wa Shiraz. Kwa ajili hiyo waandishi wengi wa zamani walidai kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, naye Mwafrika alikuwa mtazamaji tu.

Uchimbaji umeonyesha vingine. Katika miaka ya 1980, huko Shanga katika kisiwa cha Pate, wataalamu walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Basi wenyeji walijenga kwa vifaa vyao, wakaendelea hatua kwa hatua. Huko Gedi, karibu na Malindi, kuta ni za matumbawe na chokaa, na dari zilikuwa bapa, zikibebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Huo ni ufundi wa pwani yenyewe.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu waliozikwa zamani Mtwapa, Manda na Kilwa. Waliona kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume kutoka Asia, wengi wao Waajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Masimulizi ya Washirazi si uongo, wala si habari yote.

Wazee wa Meru husimulia kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji upande wa pwani. Basi habari za pwani si za wageni kwetu. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yafaa walimu wawapeleke watoto wakayaone magofu hayo kwa macho yao, na kila mtu ajiepushe kung'oa jiwe lake hata moja, kwa kuwa jiwe likiisha kuondolewa mahali pake halina tena la kutueleza.