Je, wajua? Priampu hupunguza sauti kuliko inavyokuza

Weka santuri ya zamani ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kisha chomeka waya wa kinanda cha santuri moja kwa moja kwenye amplifaya kubwa. Gitaa litalia kama mbu, na besi hutaisikia kabisa. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa umeme wa takriban milivolti 5 tu, wakati deki ya CD hutoa volti 2, yaani mara 400 zaidi.

Lakini udogo si shida pekee. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi, kwa sababu mawimbi yake ni mapana na mfereji mmoja ungeingilia wa jirani. Sauti nyembamba, kinyume chake, huongezwa, ili zikija kushushwa wakati wa kupiga, mikwaruzo nayo ishuke. Kipimo cha kurudisha mizani hiyo kilikubaliwa Marekani mwaka 1954, na mpaka leo priampu ya santuri hukifuata: mtetemo wa 20 kwa sekunde hukuzwa karibu mara 90 zaidi ya ule wa 20,000. Hapo ndipo kifaa hiki kinapostahili fedha yake.

Priampu hukaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya. Ndiyo unayochagulia chanzo, na kuongezea na kupunguzia sauti. Marantz Model 7 ya mwaka 1958, yenye valvu 6, ingali inasakwa na wapenzi wa muziki duniani. Ila ilizaliwa zama za santuri. Volti 2 za CD kwa kawaida zinatosha kuisukuma amplifaya mpaka mwisho, kwa hiyo leo priampu muda mwingi inapunguza. Kama wewe pale Lizaboni au Bombambili, mjini Songea, unapiga muziki wa simu kwenye sabufa, priampu unayo tayari, imo ndani ya boksi. Usiuze mahindi kwa ajili ya priampu ya pili.

Anayetaka ile ya bei mbaya aanze na voliumu. Ndani ya voliumu ya kawaida mna utepe wa kaboni uliopinda kama kwato, na juu yake unateleza ulimi mdogo wa chuma. Vumbi likiingia, spika hukwaruza kila ukizungusha. Tena utepe wa kulia na wa kushoto haulingani sawasawa: shusha sauti sana, usiku watu wamelala, usikie mwimbaji akihamia upande mmoja. Priampu nzuri hutumia vipingamizi vilivyopangwa kwa ngazi, vikibadilishwa na rilei, yaani swichi za umeme, zinazolia "tik, tik". Mimi ningelipia hizo kabla ya kulipia bamba nene la alumini mbele.

Kisha sikiliza ukimya. Amplifaya hukuza kila inacholetewa, mara nyingi kati ya mara 20 na 30, na mvumo wa priampu umo. Dukani mwambie muuzaji asimamishe wimbo, aongeze sauti, nawe utege sikio kwenye spika.

Ukisikia "mmmm" nzito, huo ni umeme wa nyumbani, mitetemo 50 kwa sekunde au maradufu yake. Mara nyingi vyombo viwili vimepata ethi kwenye soketi mbili tofauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Kukata waya wa ethi, kama mafundi wengine wanavyoshauri, ni kuchezea roho yako.

Kuhusu umeme wenyewe, Songea iliingia gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kwa miaka mingi kabla yake mji ulitegemea jenereta za dizeli. Umeme bado hupanda na kushuka, lakini priampu nyingi hula wati chache, hivyo stabilaiza ndogo inaitosha. Radi ni habari nyingine. Mvua zikianza Novemba, chomoa plagi, na kama televisheni imeunganishwa humo, chomoa na waya wa dishi.