Ukibonyeza *#06#, anayekujibu ni nani?

Chukua simu yako, hata kama haina salio, hata kama hapo ulipo Mohoro mtandao umekatika. Bonyeza *#06#. Papo hapo itatokea namba ndefu yenye tarakimu 15. Hiyo ni namba tambulishi ya simu, maarufu kama IMEI. Sasa bonyeza *106#. Safari hii, kama mtandao haupo, hupati kitu.

Swali la kwanza limejibiwa na simu yenyewe, kwa sababu namba hiyo imo ndani yake. Swali la pili limesafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambako usajili wa laini unatunzwa. Kujua nani amejibu kunakusaidia kujua jibu hilo linafika wapi na linaishia wapi. Mafundi wa kompyuta kubwa hukutana na jambo hilohilo kila siku, basi tuanzie kwao.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Kumbukumbu za benki, hospitali au kampuni ya simu mara nyingi hutunzwa kwenye kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu, ikafanya kazi kama kompyuta nyingi. Kila moja ina mfumo wake, mafaili yake na anwani yake ya mtandao. Wazo hili ni la zamani: kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Kompyuta kubwa huitwa mwenyeji, na zile za ndani huitwa wageni.

Fikiria nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anajua vyumba vingapi amepangisha, chumba kina ukubwa gani, na kama taa inawaka. Kilichomo chumbani hakijui mpaka mpangaji amwambie. Mwenyeji naye anajua amempa mgeni kumbukumbu kiasi gani na kama amewashwa. Mfumo unaotumika kweli mle ndani, au diski imebakiza nafasi kiasi gani, anayejua vizuri ni mgeni mwenyewe.

Fundi mwenye wageni 300 hawezi kufungua mmoja mmoja. Anaandika amri kwa maneno, kama wewe unavyobonyeza namba na reli. Kwenye mitambo ya VMware kuna amri inayoitwa Get-VMGuest. Kwenye mitambo mingi ya Linux kuna virsh guestinfo. Akizipanga amri hizo kwenye faili moja, anawauliza wageni wote kwa mpigo, na kesho anarudia bila kuandika upya.

Lakini ndani ya mgeni lazima iwepo programu ndogo ya kujibu. Ikikosekana au ikizimwa, fundi hupata nafasi tupu, au anabaki na kile kilichoandikwa kwenye daftari la mwenyeji siku mgeni alipoundwa. Hapo ndipo penye hatari. Daftari linaweza kusema mgeni ana mfumo mpya, kumbe ndani bado kuna Windows Server 2012, ambao Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. Mlango kama huo ndio wadukuzi wanaoutafuta.

Daftari la laini yako

Turudi kwenye *106#. Tangu Mei 2019 laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Daftari hilo linajua laini ni ya jina la nani. Halijui leo imo mkononi mwa nani.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Mohoro na maeneo mengine ya Rufiji na Kibiti, watu waliacha nyumba na vyombo vyao. Laini iliyopotea wakati kama huo, au uliyomwachia ndugu, inaendelea kuwa ya jina lako. Kuna pia ujanja wa baadhi ya wasajili: "Mtandao unasumbua, weka tena kidole." Kidole cha pili kinasajili laini nyingine usiyoijua. Laini hiyo ikitumika kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina.

Mambo ya kufanya leo

Kwanza, bonyeza *106# na ufuate menyu kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mwenye laini za kampuni mbili arudie kwa kila laini.

Pili, ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika ukiwa na kitambulisho chako, uombe iondolewe. Unaweza kuanza kwa kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja.

Tatu, bonyeza *#06#, nakili IMEI kwenye karatasi na uitunze mbali na simu. Simu ikiibwa, polisi watakuuliza namba hiyo.

Nne, kabla ya kununua simu ya mkononi kwa mtu, tuma IMEI yake kwa meseji kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu. Likitaja aina tofauti na unayoiona mkononi, usitoe hela. Simu zenye namba bandia zilizimwa nchi nzima Juni 2016.

Tano, ukipata meseji ya utapeli, itume pamoja na namba ya aliyeituma kwenda 15040.

Katika yote haya, hakuna mahali utakapotakiwa kutaja namba ya siri ya akaunti yako ya fedha. Anayekuuliza hiyo, kata simu.

Wazee wetu wengi walisajili laini wakisaidiwa na wengine. Kijana unayesoma hapa, wasomee na wao, kisha uwabonyezee *106# wakiwa wanaona.